Bibi Harusi Aliniletea Koja Lake la Asumini

Haraka haraka haina baraka? Waongo wakubwa nyie! Haraka ya mwanamke mmoja ndiyo iliyoniletea mie baraka.

Nipo kwangu Madale, juu kilimani, kwenye kazi yangu ya kukausha maua ya maharusi na kuyamiminia gundi inayoganda kama kioo, yabaki ukumbusho. Akaingia bibi harusi, hina bado nyeusi mikononi.

"Dada Hamisa, naitwa Salma. Nihifadhie koja langu. Nimeolewa Ijumaa."

Nikafunua kitambaa... Jamani!

Asumini na vilua, vimetungwa kwa uzi wa kijani. Dar nzima namjua mmoja tu anayetunga kwa uzi wa kijani: Mama Farhan. Mama mkwe wangu mtarajiwa! Aliyekuwa akiniita "mwanangu" kwa sauti ya asali.

"Mumeo nani, mdogo wangu?"

"Farhan wa Mikocheni. Unamjua?"

Namjua?! Posa yake ilishapokelewa kwetu Temeke!

"Namsikia tu."

Mtoto wa watu kanikodolea macho, hajui lolote. Nikarudi kwenye kazi.

"Asumini lina maji. Lazima likauke kwanza, wiki nzima. Nikilimiminia gundi likiwa bichi, litaoza humohumo, liwe jeusi."

"Siwezi kungoja! Mama mkwe anakuja kula kwangu keshokutwa, nataka alikute sebuleni."

"Litakuwa jeusi, nakwambia."

"Dada, mimina tu!"

Mteja mwingine ningemfukuza. Huyu... nikamimina.

Alipoondoka nikampigia Farhan. Kashaniblock! Mwanaume mzima, anajificha nyuma ya simu na kanga ya mama yake.

Siku chache baadaye geti likagongwa kama kuna msiba. Mama Farhan huyo, kashika kioo, koja ndani jeusi kama masizi. Salma nyuma yake, analia.

"Shikamoo mama."

"Shikamoo yako kaa nayo! Mchawi mkubwa! Umemkosa mwanangu, sasa unairoga ndoa yake!"



Salma akaacha kulia.

"Kamkosa vipi, mama?"

Mama mtu kaziba mdomo kwa mtandio. Kachelewa!

"Mama, nakuuliza! Huyu dada ni nani kwa Farhan?"

Nikamsaidia bi mkubwa kujibu.

"Mchumba wake. Hajaniacha mpaka leo, mdogo wangu. Hajapata nafasi."

Salma hakurudi hata Mikocheni kufuata nguo. Moja kwa moja kwa wazazi wake, Pugu!

Mabinti, jifunzeni: mnafiki usihangaike kumuumbua. Mpe kiti, aongee.

Sasa kina Farhan wananitumia mashangazi zao kwa zamu. "Hamisa, omba radhi tu, mkwe wa watu arudi, yaishe."

Radhi ya nini? Nilionya, nikaambiwa nimimine. Siri kaitoa Mama Farhan mwenyewe, kwa mdomo wake, kwenye kibaraza changu!

Siombi radhi. Na shangazi anayefuata asijisumbue kupanda kilima.