Meno ya Bi Zubeda

Kila asubuhi ya likizo, Mwende alifuatana na mama yake, Rosalia, hadi kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Mikindani. Mama alikuwa mhudumu pale. Mwende, msichana wa miaka kumi na miwili, alipewa kazi moja tu: kuyasugua meno ya bandia ya Bi Zubeda, mmoja wa wazee hao, kwa mswaki, sabuni na maji baridi. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, ila Mwende aliionea kinyaa.

Jumatatu moja, watoto wa jirani walimwita nje wakacheze mpira wa kati. Mwende akaona mswaki utamchelewesha. Akayatumbukiza meno kikombeni, akayamiminia maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai, huyo akatoka mbio. Aliporudi, yalikuwa safi, lakini yamepinda kidogo.

"Umeyasugua?" mama akamuuliza.

"Nimeyasugua, mama." Mama akayachukua bila kuyakagua, akamvika Bi Zubeda.

Tangu hapo Bi Zubeda hakula. Kiharusi kilikuwa kimemwondolea maneno, asiweze kusema panapomuuma. Alifumba midomo tu na kugeukia ukutani, na meno yakabaki kinywani. Uji ulipoa, na mahamri aliyoyapenda yakarudi jikoni.

"Anasusa," mama alisema jioni nyumbani. "Sijui tumemkosea nini."

Mwende akausogeza ugali kando. Alijua fika ni nani aliyemkosea, na aliona haya hata kumtazama mama usoni. Usiku alijigeuzageuza kitandani, akiapa kwamba kesho atasema. Kesho ilifika, akanyamaza.

Alhamisi, muuguzi Kahindi aliushika mkono wa Bi Zubeda uliokonda, akatikisa kichwa. "Mpigieni mwanawe Jaffar aje amwone mamake. Asipokula, hatufiki naye mbali."

Hapo Mwende akaangua kilio. "Hasusi! Ni mimi! Niliyamwagia meno yake maji ya moto, yakapinda. Nilimdanganya mama!"

Kahindi aliyatoa meno taratibu, akamulika kinywani kwa tochi ya simu. Ufizi ulikuwa umechubuka na kufanya vidonda. Rosalia akajifunika uso kwa viganja.

Siku hiyohiyo aliletwa daktari wa meno. Alivitia dawa vidonda, akachukua vipimo vya meno mapya. Jioni, bila meno, Bi Zubeda alikunywa uji bakuli zima.

Mwende akapiga magoti kando ya kitanda. "Shikamoo, bibi. Nisamehe. Ni mimi niliyekuumiza."

Bi Zubeda alimtazama. Kisha akafungua kinywa, Mwende amsafishe. Mwende akashika kitambaa laini huku machozi yakimtiririka. Msamaha ule ulimuuma kuliko kuchapwa.

"Umekosa, na umesema kweli," Kahindi akamwambia. "Lakini na sisi wakubwa tuna lawama. Siku zote hizi tumembembeleza ale, wala hakuna aliyemwambia afungue kinywa tumwangalie. Mzee asiyeweza kujisemea, mwanangu, kinywa chake ni amana kwetu. Kisafishwe na kuangaliwa kila siku, hata pale ambapo hakuna anayetuona."