Mbuzi wa Uwanja wa Ndege

Rafiki yangu, dereva wa uwanja wetu mdogo wa ndege, si mtu wa kutia chumvi. Ndiyo maana hadithi yake imeninyima usingizi.

Uwanja ule ulijengwa wakati wa vita, baadaye ukatumika kusafirisha barua, na siku hizi unahudumia ndege za wagonjwa. Ndege ikikaribia, yeye hupita na gari kuwafukuza mbuzi waliolala kwenye njia ya kurukia.

Jioni hiyo alikuwa akimsubiri shangazi yake aliyemlea, aliyekuwa akirudishwa kwa ndege kutoka hospitali. Giza lilikuwa linaingia. Kabla hajapiga honi, mbuzi wakainuka wenyewe, wakasogea pembeni. Kimya kikatanda, hata kengele zao hazikulia. Kisha vichwa vyote vikageuka pamoja, polepole, vikifuata kitu kutoka mwisho wa njia hadi kwenye gari lake.

Akaikamata redio. "Jamani, mmeshatua?"

"Umeanza kuota mapema," rubani akacheka. "Bado hatujaruka, tuko huku tunamsubiri shangazi yako atoke hospitali."

Mbuzi wakatulia, wakikodolea macho mlango wa nyuma. Springi zikalia. Gari likainama upande wa kushoto, pale anapokaa shangazi siku zote.