Hagongi

Ukumbi wa sinema ulikuwa umefurika hadi nje. Mpiga piano, gauni lake la kijani likimbana kiunoni, alikuwa akijipenyeza mlangoni alipogongana na mwanamume aliyekumbatia mikebe ya filamu. Moyo ulimlipuka paa! Alikuwa yule fundi anayeunga filamu kuukuu zilizokatika, mchumba ambaye yeye mwenyewe alimwambia kwa hasira, "Usikanyage kwetu tena!" Naye, jamani, akatii kweli.

"Umefuata nini hapa?"

"Filamu ya leo nimeifufua mimi. Na wewe?"

"Mimi ndiye mpigaji. Si picha bubu? Bila piano watu watasinzia."

Fundi alibadilika uso. "Umefanyia mazoezi ipi?"

"Niliyotumiwa. Mke anamfungia mume mlango, basi."

"Hiyo ni ile fupi, mpenzi. Nimepata kipande kilichopotea. Baada ya mlango, hadithi inaendelea."

"Usiniite mpenzi!" Aaibike mbele ya watu wote wale?

"Nitakaa kando yako, nikwambie kinachokuja."

"Wewe? Bubu kuliko hiyo filamu yako?"

Lakini taa zilikuwa zinazimwa, na hakuwa na hiari.

Vidole vilikwenda vizuri mpaka mke alipofunga mlango. Picha haikuisha.

"Mume yuko nje," fundi alimnong'oneza. "Polepole. Anainua mkono."

"Anagonga?"

"Hagongi."

"Mbona hagongi?"

"Alikatazwa."

Vidole vikasimama. Ukumbi mzima ukawa kimya, na mama mmoja kiti cha mbele akaacha kutafuna.

"Na wewe?" mpiga piano aliuliza, macho kwenye picha.

"Nilifika kwenu. Nikasimama mlangoni, nikarudi. Si mara moja."

Alitamani kumzaba kofi, na alitamani kulia. "Nilikuwa ndani nasubiri ugonge, bwege wewe!"

"Mke anafungua. Piga!"

Akapiga, machozi yakimdondokea vidoleni. Watu walisimama wakishangilia hata kabla taa hazijawashwa.

"Kesho uje," alisema bila kumtazama. "Atafungua mama, na unaujua ulimi wake. Utamwambia umefuata nini?"

"Nimefuata mke."

"Kugonga utaweza?"

Fundi akainua mkono, akagonga ubao wa piano mbele ya kadamnasi.

"Hodi."

Mpiga piano alimwacha asimame hapo kidogo, aonje kusubiri kulivyo.

"Karibu," akasema.