Jina la Marquel Kwenye Orodha ya Wanaohama

"Marquel! Simama hapohapo!"

Wachezaji wote waliokuwa wakitoka mazoezini waligeuka. Corinne alikuwa anakuja mbio, simu mkononi. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hapo chuoni, kusini mwa Louisiana, na kazi yake ilikuwa kufunga bandeji na kupima magoti ya timu ya mpira wa Kimarekani. Marquel alikuwa mdakaji wa mipira katika timu hiyo, na mpenzi wake kwa miaka miwili sasa.

"Jina lako linafanya nini kwenye orodha ya wachezaji wanaohama vyuo?"

"Corinne, nilitaka kukwambia..."

"Lini? Ukishafika chuo kingine? Kumi na tisa wameshaondoka tangu Desemba, wote wameniaga. Wewe nikusome kwenye simu kama shabiki?"

"Leo kazi ipo!" mchezaji mmoja akasema, akapiga mluzi.

"Nyie nendeni mkaoge!" Corinne akawafokea.

Wakatawanyika wanacheka. Marquel akainamisha kichwa.

"Sikuamua mimi. Kocha kaniambia nafasi yangu kaahidiwa mtu mwingine. Nijiondoe mwenyewe, au nikae benchi mpaka nimalize chuo."

"Kwa sababu gani?"

Marquel akageuza macho uwanjani.

"Marquel, nakuuliza!"

"Goti. Alikuwa na ripoti ya Novemba mezani."

Corinne akaijua mara moja. Ripoti ile aliiandika yeye, kwa mkono wake: goti halijapona, asicheze.

"Ndiyo maana ukanificha?"

"Uliandika ukweli. Ningekwambia, ungejilaumu. Bora unikasirikie mimi."

"Mjinga wewe," Corinne akasema, machozi yanamtoka. "Twende ndani. Nakupima sasa hivi."

Akaita daktari wa timu asimamie. Marquel akaruka, akakimbia, akakata kona kwa kasi mpaka viatu vikalia. Daktari akatia saini: amepona, acheze.

Kesho yake walikuwa wanakula gumbo, mchuzi mzito wa Louisiana, kwa mama yake Corinne, simu ya Marquel ikaita, akaiweka spika. Kocha wa chuo kimoja cha Arkansas.

"Kijana, uchezaji wako nimeupenda. Ila nasikia goti bovu."

Corinne akanyakua simu.

"Samahani, Kocha. Aliyeandika kuwa ni bovu ni mimi. Jana nimempima tena mbele ya daktari, limepona. Marquel akiruhusu, karatasi nakutumia sasa hivi."

"Mtumie!" Marquel akadakia.

"Na wewe binti ni nani kwake?"

"Mchumba wangu!" Marquel akajibu kwa sauti.

"Tangu lini?" mama akauliza, kijiko kimeganda hewani.

"Tangu sasa hivi, Mama. Akikubali."

"Jamani, mimi bado nipo kwenye simu!" kocha akalalamika.

"Nakubali!" Corinne akapiga kelele. "Namjibu yeye, Kocha, siyo wewe!"

Kocha akacheka mpaka akakohoa. Saa moja baadaye ukaingia ujumbe: "Daktari wangu ameridhika. Karibu Arkansas. Mazoezi Jumatatu ijayo."

Jumamosi wakaoana uani kwa mama. Mchungaji alipoanza kurefusha mahubiri, mama akamkatiza:

"Mchungaji, fupisha! Huyu Jumatatu ana mazoezi!"

Jumapili asubuhi Marquel akaondoka. Corinne alibaki kumalizia masomo mpaka Mei. Hata gari halijafika barabara kuu, simu ya Corinne ikalia kwa ujumbe wa Marquel.

"Mke wangu, nimeshakukumbuka."

Akaandika huku anacheka na kulia:

"Weka simu chini uendeshe, mume wangu. Mei nakuja."