Kichochoro cha Inchi Ishirini na Mbili

Haya yalimpata mama yangu mdogo, mchana kweupe, saa tano na nusu, nami nikiwa pale pale. Anayetaka kusema ni porojo za vijiweni na aje na hoja.

Mamdogo ni fundi cherehani. Kwa miaka ishirini na sita ameishi na kushona kwenye chumba kimoja cha kupanga: kitanda huku, cherehani kule, nguo za watu zikining'inia juu ya sufuria. Mwenye nyumba alikuwa amemwambia ahame kabla ya mwisho wa mwezi. Ndiyo maana Jumamosi ile tukamfuata dalali kwenda kuona nyumba ya kununua.

Ilikuwa mpya, imejibana kwenye kiwanja chake kama mguu mnene ndani ya kiatu cha kuazima. Vigae vinang'aa. Milango bado ina nailoni.

"Haijalaliwa hata siku moja," dalali alijisifu.

"Ilijengwa lini?" nikauliza.

"Ina miaka minne tu."

"Miaka minne, watu wanahangaika na nyumba, na hii haijalaliwa?"

"Dada, wewe unasomea upolisi?"

"Muache," mamdogo akacheka. "Huyo ndiye wakili wangu. Halipwi, anakula tu."

Kilichomteka mamdogo ni chumba cha uani. Nilimwona akikipangia vitu kwa macho: meza ya kukatia hapa, kioo pale. Tatizo lilikuwa njia. Ili wateja wasipite sebuleni, ingebidi wapite kwenye kichochoro kati ya ukuta wa nyumba na ukuta wa jirani. Chembamba, kirefu kama nyumba yenyewe, hakina hata dirisha.

"Wateja wangu wengine wamejaaliwa," alisema, akiichomoa tepu shingoni. "Ngoja nipime. Wewe andika."

Mafundi wana desturi yao. Anayepima anataja namba kwa sauti, anayeandika anairudia, ndipo mpimaji anasogea. Bila kurudiwa hasogei. Nimeifanya kazi hiyo tangu nikiwa darasa la pili.

Aliingia kiubavu. "Ishirini na mbili!"

"Ishirini na mbili," nikajibu, nikaandika.

Kisha nikafanya kosa ambalo sijajisamehe. Nilimgeukia dalali.

"Wangapi wameshaiona hii nyumba?"

"Wengi. Wanasema kiwanja kidogo."

"Kiwanja wanakiona kabla hawajaingia. Kwa nini wanaingia, halafu hawanunui?"

Akaangalia saa yake. Nilijua nimemshinda. Nilikuwa nalifurahia jambo hilo niliposikia, mbali kule ndani, mamdogo akisema, "Kumi na tisa!"

Na sauti yangu ikajibu, "Kumi na tisa."

Mimi sikuwa nimefungua mdomo.

Dalali aliinamisha macho. Hakushtuka. Hilo ndilo linalonichemsha damu hadi leo: hakushtuka.

Nikakimbilia kichochoroni. Mamdogo alikuwa katikati, shavu moja ukutani, mikono imebanwa. Kichwa hakigeuki.

"Mamdogo, rudi!"

"Si umeniambia nisogee?" Alikuwa anahema. "Kila nikipima unanijibu."

"Nimekujibu mara moja tu."



Ndipo ukuta ukasema. Ukuta wa nyumba, upande ule usio na dirisha. Sauti kavu, yenye adabu, ya fundi anayemhudumia mteja.

"Bega. Kumi na sita."

Na mamdogo akarudia. Hakutaka. Ulimi wa miaka ishirini na sita ulijiendea wenyewe. "Kumi na sita."

Nilisikia saruji ikikwaruza. Ukuta ulisogea.

"Kifua. Thelathini na nane."

"Usijibu!" nikanong'ona.

"Thelathini na nane," akajibu, machozi yakimtoka.

Ukuta ukasogea tena. Pumzi yake ikawa fupi.

Nilijipenyeza ndani. Nikashika ncha ya gauni lake. Nikavuta. Hakutoka.

"Kiuno. Thelathini na mbili."

Midomo yake ikaanza kufunguka. Sikuwa na nguvu. Sikuwa na dua iliyonijia. Nilikuwa na kitu kimoja tu ninachokijua vizuri duniani, nacho ni kubisha.

"Si kweli!" nikapaza sauti. "Arobaini! Umekosea. Na bega umekosea. Na kifua. Pima upya!"



Fundi yeyote akiambiwa amekosea kipimo, hulegeza tepu kwanza. Nilihisi ukuta ukilegea, kidogo mno, unene wa kidole. Nikavuta kwa uzito wangu wote. Tukaangukia nje, mimi chini, yeye juu yangu, viwiko vyake vimechunika.

Nyuma yetu, taratibu, sauti ikaanza upya. "Bega..."

Tukakimbia. Dalali alikuwa tayari mbele ya geti, akiwakaribisha mume na mke waliokuja na mtoto mgongoni. "Nyumba mpya kabisa," alikuwa anawaambia. Nikawapigia kelele wasiingie. Mwanamke yule alinitazama kama anayemtazama mwendawazimu, lakini alirudi nyuma. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Jioni mamdogo alivua gauni aoge, akaniita. Sauti yake ilikuwa ndogo. Mgongoni, juu ya ngozi, palikuwa na mistari myeupe ya chaki ya fundi: imenyooka mabegani, imepinda vizuri kwapani, imeingia kiunoni. Tumesugua kwa sabuni, mafuta, mchanga. Leo ni siku ya kumi na moja. Haijafifia.

Nilimwambia labda itaisha. Akatikisa kichwa, akanieleza kama mwanafunzi wake: kitambaa huchorwa mistari miwili, wa ndani wa kushonea, wa nje wa kukatia.

Mgongoni kwake upo mmoja tu, ule wa nje. Wa kukatia.