Baragumu Mlangoni kwa Ziada

Siku ya mnada mjini Same, robota la mitumba likikatwa kamba, hata mtu mstaarabu husahau salamu. Ziada alisimama juu ya kreti la soda, gauni la kijani lenye mabega ya kuvimba, kitambaa chekundu kichwani, akinadi mpaka sauti ikaanza kukwama. Ilikuwa miaka ile ruksa imeanza kunoga, na watu waliozoea foleni ya sabuni sasa walichagua makoti ya Ulaya kwa madaha.

Aliposhuka kuokota shati lililoanguka, mkono wake ukakutana na mkono mwingine. Mwenye mkono alikuwa amevuta kofia hadi kwenye nyusi. Ziada akainama, akachungulia.

"Haa! Fundi Swalehe! Fundi cherehani ananunua mitumba!"

"Punguza sauti, dada. Nanunua vifungo tu."

"Na shati?"

"Shati sina haja nalo."

"Basi nyofoa vifungo uniachie shati, nitamuuzia asiyeogopa upepo!"

Umati ukaangua kicheko. Swalehe naye akacheka, na mwanya wake ukaonekana. Ziada alijikuta amempunguzia bei kabla hajaombwa, wema ambao hata shoga zake hawakuwahi kuupata.

Tangu hapo suruali zake zote zilizokuwa pana zilipelekwa kwa Swalehe zikapunguzwe, na zisizokuwa pana pia. Jioni alikaa kwenye benchi la fundi, mashine ikinguruma, wakitaniana. Swalehe alikuwa na ugonjwa mmoja: msitu mdogo uliokuwa juu ya nyumba za mtaa wao, penye chemchemi. Miaka ya shida watu waliukata kwa ajili ya kuni. Sasa alikuwa amejitokeza tajiri anayetaka miti iliyobaki achomee matofali. Wakubwa wa mji walisema kama humo mmebaki kitu cha maana, wananchi wenyewe wakionyeshe. Basi mtaa ukakubaliana kila nyumba itoe mtu, wachimbe mpaka, kisha waingie wakatazame nini bado kinaishi humo. Swalehe akafanywa msimamizi.

"Kuna nini humo zaidi ya nyoka?" Ziada alimchokoza.

"Kuna mbega, kuna komba, kuna ndege hata majina yao siyajui. Nitakuonyesha, mpenzi."

"Mpenzi wako nani?"

"Nilikuwa naongea na hii suruali."

Ziada alicheka, lakini neno lile aliondoka nalo. Alizaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge huko tambarare. Baba yake alitoka Songea kuja kukata katani, na kila walipokwenda waliitwa watu wa kuja. Jioni moja alimwambia Swalehe, "Mimi nikihama kesho, hapa hakuna atakayeuliza nimekwenda wapi." Swalehe alikata uzi kwa meno, akaendelea kushona.

Wiki iliyofuata, alfajiri, baragumu lililia mlangoni kwa Ziada, lile la pembe ya tandala. Akajisemea, Wapare wana harusi, akavuta shuka. Kulipokucha akabeba mzigo wake kwenda stendi.

Jioni ilibishwa hodi. Alikuwa Swalehe na wanaume wengine wa mtaa, majembe mabegani, wote wamechafuka udongo.

"Hukuja kwenye msaragambo, kazi ya mtaa mzima," Swalehe alisema, macho chini. "Desturi ni kuchukua kitu cha nyumba. Ukichimba kipande chako, unarudishiwa." Akainua pasi ya mkaa ya Ziada.

"Swalehe! Pasi yangu? Mbele ya watu?"

"Nikikuachia wewe, kesho nitamwambia nini mwingine?"

"Umenifanya kama mwizi!"

"Nilikupigia baragumu mwenyewe, Ziada. Ukaona kazi yetu ya kishamba, ukaenda kwenye biashara zako."

Swalehe aliumia kweli, na Ziada aliumia zaidi. Kesho yake alipanda basi la Mwanga na mizigo yake, akafikia kwa shoga yake Shamimu, aliyekuwa mpishi wa nyumba ya wageni. Akaanza kutafuta meza sokoni. Same alikuwa amemaliza nayo.

Siku chache baadaye akaitwa mapokezi ya nyumba ile ya wageni kwenye simu. Alikuwa Priska, mama mwenye nyumba wake wa Same, akipiga kutoka posta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unarudi lini?"

"Sirudi, mama. Swalehe ameniaibisha."

Priska alicheka mpaka waya ukakwaruza. "Yule mwalimu wa Mbeya amepanga kwangu siku zote hizi. Umewahi kuona amechukuliwa hata kijiko?"

"Sijaona."

"Mgeni hapigiwi baragumu, wala hatozwi faini. Anaachwa apite. Kwenye mkutano walisema wewe ni mpita njia. Swalehe akasimama, akasema Ziada ni wa hapa, nyumba yake ihesabiwe. Akabishana mpaka wazee wakachoka."

Ziada alishika meza. "Mbona hakuniambia?"

"Hajui kama hujui! Yeye kazaliwa akiisikia hiyo pembe."

Shamimu alimkuta machozi yanamtiririka. "Nani kafa?"

"Hakuna! Nimetozwa faini, Shamimu! Mimi, nimetozwa faini!" Akamkumbatia, akilia na kucheka pamoja.

Baragumu la pili lilimkuta amesharudi Same na kufika mpakani mwa msitu, koti la mitumba la manjano mwilini, jembe mkononi. Swalehe alipomwona alisahau alichokuwa anawaeleza watu.

"Kipande changu kipi, fundi?"

"Ziada... nilidhani umetudharau."

"Mimi nilidhani ni harusi."

Swalehe alimtazama, akaketi chini kwa kicheko. "Nisamehe. Ilinipasa nikueleze."

"Na mimi ilinipasa niulize kabla ya kukimbilia Mwanga."

Alichimba kipande chake chote, kisha makundi yakaingia msituni. Walifika kwenye mkuyu mkubwa ambao tajiri wa matofali alikuwa ameshautia alama ya panga. Ziada ndiye aliyeona: tundu kwenye shina limezibwa kwa udongo, na katika ufa mwembamba linachomoza domo la ndege. Mara akatua hondohondo, akalisha tunda kupitia ule ufa.

"Kamfungia mkewe?" Ziada alimuuliza Swalehe.

"Mke kajifungia mwenyewe alinde mayai. Mume kazi yake kuleta chakula."

Watu walikusanyika. Eliufoo, mwenyekiti wa mtaa, alisogea mpaka chini ya tundu. "Kesho nawaleta wale wakubwa wasimame hapahapa," alisema. "Waniambie kwa mdomo wao kwamba mkuyu huu ni kuni."

Swalehe alimsogelea Ziada. "Nikimtuma mshenga kwa baba yako, atafukuzwa?"

"Asije peke yake." Ziada aliegemea jembe. "Tangu baba aingie kambini, hajawahi kubishiwa hodi na ukoo wa mtu. Njooni wengi, Swalehe. Njooni mpaka viti visitoshe."

"Mtaa mzima tutakwenda!" Eliufoo alidakia kutoka nyuma, na papo hapo ubishi ukazuka nani atavaa nini na nani abaki kulinda mkuyu. Ziada alisimama katikati yao, akalia waziwazi, na hakujifuta.