Mpira wa Pili

Siku hiyo kwenye boti walikuwa watatu tu. Mama Pacha, ambaye wanawe walikuwa bado wananyonya. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyemfundisha kupiga mbizi. Na Kijiko, mwendesha boti, mtu mwembamba mwenye kichwa kikubwa.

Wa nne, kama alikuwepo, hakupanda boti.

Jua lilikuwa limeanza kulegea. Walikwenda kupiga picha za samaki kwenye meli iliyozama, zibandikwe ukutani ofisini kwao, wanakopeleka watalii kupiga mbizi, wageni waone kilichoko chini kabla hawajavaa mapezi. Saa hizo ndipo chewa wakubwa hutoka mashimoni. Kazi ya kawaida. Ila Mama Pacha hakuwahi kurudi pale tangu mumewe aingie ndani ya meli ile, asitoke. Mwili haukupatikana.

"Ukiogopa niambie, wifi," alisema dada wa marehemu.

"Nikuambie mara ngapi? Naogopa!"

Kijiko akacheka. "Chewa ndiye akuogope. Kwa macho hayo mekundu, atadhani umekuja kumdai."

Wifi akamfunga mkanda wa mtungi wa hewa taratibu, akampangusia miwani kwa ncha ya shati lake. Ndivyo alivyokuwa. Tangu msiba, ndiye aliyembeba pacha mmoja usiku ili mama mtu apate lepe la usingizi. Kisha akazungusha koki ya mtungi. Koki iko mgongoni, kuifikia mwenyewe ni shida. Hufunguliwa na mwenzako, na mwenzako ukishamwamini, huulizi.

"Hewa inakuja?"

Mama Pacha akavuta. Ilikuja.

Wakazama.

Meli ililala kiubavu, imevaa majani. Mkunga, samaki mrefu kama nyoka, alichungulia dirishani, mdomo wazi. Mama Pacha alipiga picha, na hofu ikampungua kidogo kidogo. Wifi akamwonyesha mlango mkubwa ubavuni. Ndani, chewa.

Akaingia.

Walikuwa wengi. Wakubwa kuliko mtoto. Hawakukimbia tochi. Wote walikuwa wameelekea upande mmoja, gizani, wametulia kama watu wanaomsikiliza mtu akiongea.

Tok... tok... tok...

Chuma kwa chuma. Mumewe ndivyo alivyokuwa akimwita chini ya maji, kwa kugonga mtungi na mpini wa kisu.

Ndani ya miwani kukanukia mafuta ya nywele ya mumewe.

Mama Pacha akataka kuvuta pumzi ndefu. Haikutosha. Akatazama geji ya hewa. Kila alipovuta, mshale ulianguka, alipoacha, ulipanda. Dalili hiyo alifundishwa siku ya kwanza kabisa. Koki imefunguliwa nusu. Juu ya maji hutaijua. Chini, maji yakikubana, hewa haitoshi.

Na aliyeifungua ni wifi.

Amesahau tu, akajiambia. Binadamu husahau. Akageuka. Wifi alikuwa mlangoni. Mama Pacha akapitisha kiganja shingoni: sina hewa.

Wifi akaitikia kwa kichwa. Akachomoa mpira wa pili wa kupumulia, ule ambao kila mzamiaji hubeba kwa ajili ya mwenzake, akaunyoosha.

Ukampita begani.

Ukaenda nyuma yake, gizani.

Na kule gizani mapovu yakaanza kupanda. Taratibu. Mtu alikuwa anapumua.

Kisha mkono ukashika mtungi wake kwa nyuma. Kwa upole. Aliujua upole ule. Machozi yakajaa kwenye miwani. Mume wangu... fungua.

Koki ikazunguka.

Hewa ikakatika kabisa.

Hakukumbuka alivyofungua mkanda. Aliwakumbuka watoto, na maziwa yaliyokuwa yakimuuma kifuani. Aliuacha mtungi mikononi mwa huyo aliyeushika, akampita wifi mlangoni, akapanda huku akipuliza pumzi kidogo kidogo, mpaka Kijiko akamvuta kwa nywele.

"Mtungi wako uko wapi?"

Kijiko alikuwa ameshaacha kumtazama. Alitazama maji.

"Mama Pacha," alinong'ona, "wewe uko hapa. Mbona kule yanatoka mapovu ya watu wawili?"

Walisubiri. Wifi alipotokea, alipanda mwenyewe. Akachukua taulo kavu, akamfunika Mama Pacha mabega, akamfuta maji masikioni kama amfutavyo mtoto.

"Kwa nini, wifi?"

"Alikuwa anaomba hewa. Ni kaka yangu. Ningemnyima?"

"Na mimi je?"

"Wewe ungekaa naye. Anakuona mpweke." Akamkaza taulo vizuri, upepo usimpate. "Watoto usiwe na wasiwasi. Ningewalea mimi."

Kijiko akawasha injini.

Mama Pacha amerudi kwa mama yake na wanawe. Wifi siku hizi hupiga mbizi peke yake. Kijiko anasema hushuka na mitungi miwili, na yote miwili hurudi mitupu.